Mwoga wa Mioyo ya Watu

"Chupa ya dawa haitoki hapa!" marehemu alimwambia mkuu wake wa maabara, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa friza.

"Dada, miaka minane ya kazi! Wagonjwa wanasubiri!"

"Wasubiri wakiwa hai."

Ndivyo alivyokuwa, mwoga wa kuzaliwa. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, siku ya mvua iliyong'oa mapaa matatu (wanaosema moja hawakuwepo). Bibi yake aliyempokea anaapa kwamba mtoto alichungulia kwanza, akarudi ndani, ndipo akatoka.

Alimaliza sekondari mwaka 1997 na shahada ya biokemia 2001. Maabara aliingia kama mwosha vyombo vya kioo, akapanda hadi kuunda kingamwili, wale askari wa damu wanaokamata ugonjwa. Bibi, ambaye darasa alilipita kwa nje, alielezwa hivi: askari anachukuliwa kwa panya, anabadilishwa kipande kwa kipande mpaka mwili wa mtu usimkatae. Vya zamani vinabaki vidole tu, vile vya kukamatia ugonjwa.

"Na vidole vikikosea vikashika moyo, je?" bibi akauliza.

Mjukuu aliacha chai mezani, akarudi kazini kumjaribu askari wake kwenye chembe hai za moyo. Vidole vilishika. Kidogo, lakini vilishika. Ndiyo sababu ya ule ugomvi wa friza. Alibadilisha vipande viwili, ikamchukua miezi kumi na minne, huku mikono ikimtetemeka, mpaka vidole vikauacha moyo na chupa ikatoka.

Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na fundi wa majokofu. Jamaa alikuja kutengeneza friza mara sita. Friza ilikuwa nzima tangu mara ya pili. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kitandani hakuziogopa hata chembe. Aliwaogopea wagonjwa thelathini na mmoja waliopewa dawa yake; thelathini walishapimwa moyo, wakawa salama. Alibaki mmoja.

Asubuhi ya 14 Juni 2024 mumewe alimtania, "Mama watoto, figo zimegoma, nguvu za kuogopa unazitoa wapi?"

"Nyamaza wewe! Huyo wa mwisho akipatwa na..."

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa maabara aliingia na karatasi ya majibu, koti hajavua. Marehemu aliusoma uso wa mkuu kabla ya karatasi, na mikono ikatulia.

Alifariki saa nane mchana. Ameacha mume, binti, bibi, na watu thelathini na mmoja ambao mioyo yao inadunda.

Alale sasa, asiogope tena.