Salamu za Kutumwa

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayetaka kukaa sawasawa lazima awahi. Siku hiyo aliyewahi alikuwa Dada Foleni. Jina kalipata kwa kazi yake: wenye shughuli nyingi humlipa awapangie foleni, awapelekee nguo kwa dobi, awachukulie watoto shuleni. Sasa mteja mmoja, meneja asiyebanduka vikaoni, anataka kumwajiri mwaka mzima, amtumikie yeye tu. Kamwambia: andika utakayofanya na usiyofanya, nitatia saini. Haya! Kahawa ya pili hiyo, na karatasi bado nyeupe.

KINYOZI: Andika hufui chupi zake. Anza na hilo.

MHURI: Weka na saa. Baada ya saa kumi na mbili jioni, akijikwaa ajiinue mwenyewe.

Huyu Mhuri ni karani mstaafu. Kwake yeye hata kupiga chafya kunahitaji nakala mbili.

DADA FOLENI: Hayo madogo. Kuna moja linaninyima usingizi.

KINYOZI: Anakutaka?

DADA FOLENI: Hebu niondolee balaa! Ni baba yake. Huyo meneja kanipa simu yake ya pili. Kila asubuhi namwandikia mzee: shikamoo baba, umeamkaje, dawa umemeza? Kwa jina la mwanawe. Mwezi wa tatu huu.

MHURI: Na mzee?

DADA FOLENI: Anajibu, tena marefu. Juzi kaandika amemkumbuka marehemu mkewe. Nililia, jamani. Nikamjibu vile ambavyo ningemjibu baba yangu. Leo nikasema basi, sitaki tena kumdanganya mtu mzima. Sijaandika kitu.

KINYOZI: Umekosea wapi? Mwakani atakutuma ukamuugulie malaria!

MHURI: Kifungu cha tatu: mwajiriwa hatalia kwa niaba ya mwajiri.

KINYOZI: Akilia, alipwe mara mbili. Na akitumwa kuomba msamaha kwa mke wa bosi, apewe likizo!

MHURI: Na bosi akifa?

KINYOZI: Hapo atangulie yeye, akamshikie foleni!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Dada Foleni hakucheka. Akiandika “sitatuma salamu”, mzee ataamka kila siku kwenye kimya. Asipoandika, ataendelea kuwa mtoto wa baba asiye wake. Roho ilimuuma pande zote mbili, na hawa wawili wanamletea vichekesho.

Mara akamwona mzee mwenyewe anavuka barabara taratibu, simu mkononi. Nyumba yake iko mtaa wa nyuma, na Dada Foleni ndiye humpeleka kliniki.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, binti. Afadhali nimekupata. Mwanangu mzima?

— Mzima, baba.

— Hajakosa hata siku moja kunisalimu. Leo kimya. Nikakumbuka juzi nilimwandikia habari za mama yake. Labda nimemtonesha kidonda.

Mzee akawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

— Ninyi mnakaa na vijana, mnawajua. Nimemuudhi?

Mhuri, mwenye vifungu vyake vyote, akasimama, akamwachia mzee nafasi yake benchini. Kinyozi akaingia kibandani kutafuta kitu ambacho hata yeye hakukijua. Dada Foleni akatoa simu yake mwenyewe, akampigia meneja. Ikaita sana.

— Dada, niko kikaoni. Kama ni ile karatasi, andika chochote, nitasaini.

— Nimeshaamua, kaka. Nitakupangia foleni zote za dunia hii. Lakini sasa hivi siyo mimi ninayepiga.

Akampa mzee simu.