Straton Sebarenzi, Mkalimani wa Plau za Kibabi

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda na kushuka vilima hadi hapa Kashebere, poleni kwa safari. Tunayemlaza leo ni kaka yetu mkubwa, Straton Sebarenzi. Alizaliwa Kibabi, Masisi, tarehe 12 Agosti 1916, mtoto wa kwanza wa mzee Nzabandora na mama Nyiraneza, wakulima wa maharagwe.

Alibatizwa mwaka 1927, akasoma shule ya misheni miaka minne tu, kwa kuwa baba alifariki na jembe likamngoja. Lakini kichwa chake, loo! Neno likiingia halikutoka.

Mwaka 1941 alichukuliwa jeshini, akafika hadi Kenya kulinda Waitaliano waliotekwa vitani. Lugha yao aliiokota kambini, na Kiingereza vilevile. Wafungwa walilima shamba la kambi, na afisa Mwingereza hakuelewa vifaa walivyoomba, basi Straton akasimama katikati. Wakisema aratro, yeye anasema plau. Siku waliyosema erpice alikwama. Akapiga magoti, akakwaruza udongo kwa vidole vyote kama kuku. Afisa akacheka hadi machozi: "Haro!" yaani chuma cha meno cha kuvunja mabonge shambani. Kisa hicho alikisimulia kila arusi, hata bila kuombwa.

Alirudi mwaka 1946, na tarehe 12 Februari 1947 akafunga ndoa na Athanasie. Binti yao wa kwanza, Béata, aliugua surua akafariki mwaka 1951, akiwa na miaka mitatu. Walimzika Kibabi, pembeni ya shamba la maharagwe la mama yake.

Mwaka uliofuata, Mwingereza mmoja aliyetoka Kenya alipewa kilima kilicho juu ya shamba hilo alime pareto. Alileta plau za Italia na fundi Mwitaliano, na wawili hao hawakuelewana hata salamu. Straton akapata kazi. Fundi alitaja kila chuma, naye akamgeuzia bwana kwa Kiingereza. Ndipo bwana alipoagiza plau zilime kutoka juu kushuka chini. Jamani! Kila mtu wa Kibabi anajua udongo ule hushuka na mvua. Straton alimwambia fundi, akamwambia na bwana, kwamba chini kuna kaburi la mtoto wake. Fundi aliinamisha kichwa. Bwana alimshika Straton bega, akampa pole, kisha akasema kazi iendelee.

Jioni Athanasie alimuuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wameelewa?"

"Wameelewa yote, Mama Béata."

"Sasa juu ya nini ile plau ingali inakuja?"



Novemba 1953 mvua kubwa ilinyesha, udongo ukashuka, ukafunika maharagwe na kaburi pamoja. Tulichimba naye siku nyingi, hatukupata hata msalaba. Tulikasirika sana, lakini tungemshtaki nani, na kwa nani? Mwaka 1954 aliiacha kazi, akamhamishia mkewe hapa Kashebere, upande wa Walikale, wakalima muhogo.

Kifua kilimwanza mwaka 1956. Tulimbeba mabegani kwa tipoyi, kiti cha miti, hadi hospitali ya Mubi, akachomwa sindano, akarudi amekonda zaidi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1957, alimwita mkewe: "Athanasie, munizike karibu ya mutoto."

"Ndiyo, Papa Béata," akajibu, akijua kama sisi sote kwamba hakuna anayejua mtoto yuko wapi. Kabla ya misa, Straton alikata roho.

Ameacha mjane, Athanasie. Watoto watatu, Viateur, Marcellin na Céline. Mama yetu Nyiraneza. Na sisi wadogo zake, Théogène na Adelaïde. Ombi lake limetushinda, ndugu zangu. Tunamzika hapa, mbali na binti yake. Ee Mungu, wewe peke yako unajua Béata amelala wapi: mpeleke baba yake huko, apumzike kwa amani.