Chama cha Kutembea kwa Afya

Benchi la mbele ya mgahawa wa Ibolya, pale Nyárhalom, kijiji cha Hungaria, lina mguu mmoja uliooza, kwa hiyo kila mtu ana nafasi yake na hakuna kuhamahama. Upande mzima hukaa Vendel, aliyesambaza barua za kijiji kwa baiskeli miaka thelathini na moja mpaka posta ikamstaafisha. Katikati hukaa Ödön, wanayemwita Jaji kwa sababu alikuwa akifungua na kufunga milango ya mahakama ya mkoa. Upande mbovu ni wa Kázmér, yaani Kamanda, aliyekuwa mpishi jeshini. Jumapili hiyo walikuwa wametoka misa, wanakunywa kahawa, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini, jambo ambalo Ibolya amelikataza mpaka amechoka.

Habari ya siku ilikuwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwezi uliopita mahakama kuu ilikivunja kikundi cha Ngao ya Nchi, wale wanaume wa vizibao vyeusi waliokuwa wakipiga kwata vijijini mbele ya nyumba za Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi, na kusema wanalinda usalama. Taifa zima likapumua. Wiki tatu baadaye wanaume walewale wakasajili Chama cha Kutembea kwa Afya, na tangazo lilisema kesho, saa moja asubuhi, watatembea kutoka kanisani mpaka Mtaa wa Mtoni. Mtaa wa Mtoni ndiko Waroma wa Nyárhalom wanakokaa.

— Ni walewale, alisema Ibolya, akiweka vikombe. Nyuso nazijua.

— Nyuso si ushahidi, mama, alisema Jaji. Mahakama imevunja chama, haijavunja miguu.

— Na vile vizibao?

— Vilikuwa vyeusi, sasa ni vya kijani.

— Kijani wanavaa wawindaji, akadakia Kamanda. Tuwafunge na wawindaji? Tutakula nini Krismasi?

— Sajini Gellért wa polisi amesemaje? aliuliza Vendel.

— Alikuja Ijumaa, alisema Ibolya. Akalisoma tangazo mara mbili. Akawapigia simu kuuliza kama watabeba fimbo. Wakasema ndiyo, za kutembelea. Akaandika kwenye daftari: fimbo, za kutembelea. Akanywa kahawa, akaenda zake.

— Kazi safi kabisa, alisema Jaji. Kila kitu kimeandikwa.

— We Jaji nawe! Kamanda alimgeukia, benchi likalia. Hujiulizi nani anauza hivyo vizibao? Kila wakipigwa marufuku wananunua rangi mpya. Mimi nakwambia, aliyefungua kesi ndiye mwenye cherehani.

— Acha kutupiga kamba. Dawa iko ndani ya sheria yenyewe. Si wanasema ni afya? Basi kila mmoja alete cheti cha daktari. Apimwe presha. Mwenye presha haruhusiwi kutembea.

— Na daktari akiwa mwanachama?

Jaji alifikiri. — Apimwe na yeye.

— Nyinyi hamwelewi vita, alisema Kamanda, aliyeviona vita kutoka nyuma ya sufuria. Wale wanapima njia. Leo Mtaa wa Mtoni, kiangazi wanachukua tangi la maji, theluji ikianguka wako Vienna. Cha kufanya, tuwawekee mbele bendi ya zimamoto ipige muziki wa harusi. Mtu hawezi kutisha watu nyuma ya tarumbeta.

Vendel alicheka mpaka akapaliwa na ganda. Ibolya hakucheka.

— Na Szidónia je? Binti wa Rozália, wa Mtaa wa Mtoni. Kesho anaanza mtihani wa kumaliza sekondari, mjini, saa mbili. Basi linapita saa moja na robo, na kituo kiko kanisani. Atapitaje katikati ya watu wale peke yake?

— Atapita tu, alisema Jaji. Barabara ni ya umma.

Rozália mwenyewe alitokea wakati huo. Ni mwanamke anayefagia shule, na kwa kawaida hupita mbele ya benchi bila kupunguza mwendo. Leo alisimama.

— Habari za mchana, wazee. Nina swali moja tu. Kesho asubuhi, nani kati yenu atatembea na Szidónia wangu mpaka kituoni?

Kamanda akakumbuka goti lake. Jaji akakohoa.

— Tungependa sana, mama. Ila watu watatu wakitembea pamoja kwa makubaliano, Gellért anaweza kuandika ni maandamano. Na kibali hatuna.

— Mimi nitakuwa nimefungua, alisema Ibolya kwa sauti ndogo. Hao watembeaji wameagiza kahawa thelathini.

Aibu ilimpanda Vendel mpaka masikioni, maana Rozália alikuwa amehamishia macho kwake. Wiki mbili nyuma kijana mmoja mwenye faili, mpole, ambaye sasa alijua ni wa chama kile, alimsimamisha amweleze nani anakaa wapi Mtaa wa Mtoni, ambao nusu yake wanakaa Wahungari. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo lolote la kikazi. Alimtajia nyumba zote bila kukwama: namba, jina, watoto wangapi, mbwa yupi anauma. Alipoona kijana anachanganya kulia na kushoto, alifuatana naye mtaa mzima akimwonyesha kwa kidole, na alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha kama amerudishiwa baiskeli yake.

— Mzee Vendel, alisema Rozália, bila kupandisha sauti. Yule kijana ulimsindikiza, niliwaona dirishani. Mwanangu je?

Jaji na Kamanda wakamgeukia. Hawakuwa wanajua. Vendel alitazama maganda chini kana kwamba mojawapo lingemsaidia.

Rozália alingoja kiasi cha mtu kungoja stempu kwenye dirisha la posta.

— Tunatoka saa moja kasoro robo, alisema. Nyumba unaijua.