Tarehe Aliyoiweka Arlys Rudningen

Mchungaji, ndugu zangu, na ninyi majirani mliosimamisha mashine za kuvunia mahindi huku mkijua kesho mvua inanyesha, mimi ni Corrine Sandbakken, mtoto wa kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, hakuna aliyekaa na shangazi ndani ya gari kunizidi mimi. Mchungaji ameniomba nisome mambo ya kawaida tu. Nitayasoma, na lile moja lisilo la kawaida nalo nitalisoma, kwa kuwa marehemu ndiye aliyeniagiza, na agizo la anayekufa halipunguzwi.

Arlys Margit Sandbakken alizaliwa tarehe 9 Machi 1936, shambani kwa wazazi wake, magharibi ya Nordby, jimbo la Minnesota, akiwa mtoto wa pili wa mzee Tilford na mama Inga, siku ya theluji nzito ambayo daktari alikwama barabarani akafika mtoto ameshanyonya na kulala. Alibatizwa katika kanisa la zamani la kilimani, lile lililofungwa mwaka 1951 na kubomolewa, yakabaki makaburi peke yake. Utotoni kazi yake ilikuwa kung'oa magugu kwenye makaburi hayo kila Jumamosi ya kiangazi, na kwa hiyo aliyajua majina ya mawe yote kwa moyo. Safu ya mbele wamelala akina mama kumi na sita wa umoja wa wanawake wa kanisa, ambao homa ya mafua iliwachukua vuli ya mwaka 1918, wengi wao wakiacha watoto wa kunyonya, wakiwa ndiyo kwanza wamepanga zamu zao za kukaribishana kahawa majumbani. Gudrun Tveiten ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, na zamu ilikuwa haijafika hata kwake.

Alisoma shule ya msingi ya darasa moja hapo hapo kijijini, kisha sekondari ya Nordby, akahitimu Mei 1954, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, na wanakwaya mliopo hapa ni mashahidi. Tarehe 18 Juni 1955 alifunga ndoa na Orlin Rudningen, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, wakajaliwa watoto wawili, Kermit mwaka 1957 na Janelle mwaka 1960, ambao wote wako hapa mbele.

Mwaka 1966 marehemu alialikwa kwenye pati ya kuuza vyombo vya jikoni sebuleni kwa jirani, akaenda kwa ajili ya keki, akarudi ameajiriwa. Kazi yenyewe wengi mnaijua, mwenyeji anaalika mashoga zake, muuzaji anakuja na sampuli za mabakuli yenye vifuniko, wanacheza michezo, wanakunywa kahawa, wanaagiza, mwenyeji anapata zawadi kulingana na mauzo, na muuzaji anapata kamisheni ya dola thelathini katika kila mia. Ila shangazi hakuwahi kuziita thelathini zile pesa. Alitoa kwanza petroli, akatoa zawadi za michezo, akatoa sampuli ambazo kampuni humuuzia muuzaji mwenyewe, akatoa hata sabuni ya kuoshea sampuli hizo, na kilichobaki ndicho alichompelekea Orlin mezani. "Mauzo ni makelele," alitufundisha sisi wa kundi lake, "pesa ni kile kinachonyamaza baada ya petroli."

Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba pati lazima izae pati. Kabla wageni hawajavaa makoti yao ni lazima muuzaji aulize, "Nani anaweka tarehe?" na mmoja ainue mkono awe mwenyeji wa mara ijayo, kwani pati isiyozaa tarehe ni mwisho wa muuzaji.

Mwaka 1974 alipandishwa akawa kiongozi wa kundi, akawa anapata sehemu ndogo ya mauzo ya wanawake wote waliokuwa chini yake, kwa sharti kwamba mauzo yake mwenyewe yasipungue kiwango kila mwezi, na akipungukiwa anashushwa. Septemba 1978 ng'ombe alimbana Orlin ukutani akamvunja mgongo. Tangu siku ile sehemu ile ndogo ndiyo iliyolisha ng'ombe na watu, na mwezi uliofuata mwenyeji wa mwisho alighairi kwa sababu watoto wake wameshikwa na tetekuwanga, shangazi akabaki na pengo la dola mia tatu na siku zimekwisha.

Akafanya kile ambacho ninyi wenzangu wa kazi hii mnakijua, msiniangalie hivyo. Aliandika pati ambayo haikufanyika, akailipia mwenyewe kwa pesa ya chakula cha ng'ombe, akitumaini kuuza vyombo hivyo kidogo kidogo baadaye. Wengi wetu tunapofanya hivyo huandika majina ya dada zetu, lakini ofisi ilikuwa na tabia ya kuwapigia wateja kuuliza kama wamehudumiwa vizuri, naye akaona bora aandike watu ambao simu haitawafikia. Akaandika mwenyeji Gudrun Tveiten, mahali nyumba ya akina Tveiten, ile iliyo tupu tangu vita, Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, saa nane mchana, na wageni akawaandika safu nzima ya mbele ya makaburi.

Mzigo aliutarajia stesheni ya mizigo, haukuja. Akampigia dereva wa mizigo.

"Lakini mama Arlys, mbona nimeshaufikisha? Yule mama kaupokea mwenyewe mlangoni, kanipa na kahawa."

"Mama gani?"

"Mama Tveiten. Mkarimu kwelikweli, ila kahawa yake ilikuwa baridi kama ya jana."

Alikwenda pale mchana huohuo, akakuta mlango umeanguka ndani, njiwa wamejaa sebuleni, na theluji ya kwanza uani haina unyayo wa mtu wala alama ya gurudumu. Wiki iliyofuata ikaja bahasha yenye malipo ya vyombo vyote, kamili, katika noti zile pana za zamani, na karani wa benki akamtania kwamba amefukua godoro la bibi yake. Pesa ya ng'ombe ikarudi mahali pake, cheo kikabaki, shamba likapona. Shangazi aliniambia kwamba alifurahi kwanza, woga ukaja baadaye, na jambo hilo la kutangulia furaha lilimwaibisha hadi mwisho.

Oktoba 1979 simu ikalia wakati anakanda mkate.

"Arlys? Ni Ragna Moen hapa. Mwaka huu kwangu, saa nane mchana, na usichelewe kama watu wa mjini."

Ragna Moen ni jina la jiwe la safu ya mbele, hivyo alidhani ni wanawake wa kundi lake wanamfanyia mzaha, akachukua sampuli zake akaenda, kwa sababu muuzaji haachi tarehe iliyowekwa. Nyumba ya akina Moen haina paa tangu kimbunga cha mwaka 1965, mnaifahamu. Aliikuta ina mapazia. Ndani walikaa wanawake kumi na watano, makoti hawajavua, mikono mapajani, vikombe vimejaa mbele yao na hakuna kilichokuwa kikitoa mvuke. Mdomo uliozoea kazi ukaanza wenyewe, akafungua kifuniko, akafunga kifuniko, akadondosha bakuli sakafuni kuonyesha kwamba halivunjiki.

"Borghild," akasema mmoja, "ungekuwa na hilo siku ile uliyomrushia mumeo!"

"Nilimkosa," akajibu Borghild Aasen. "Ndiyo maana akazeeka, mimi sikuzeeka."

Wakacheka wote, na shangazi alisema kicheko chao kilikuwa cha kawaida kabisa, kicheko cha jikoni kwetu, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko vikombe. Alipofika mwisho akauliza swali lake, kwani hakujua namna nyingine ya kutoka mlangoni, "Nani anaweka tarehe?" na mkono mmoja ukainuka.

Mwaka uliofuata Ragna hakuwapo, kama vile Gudrun alivyokuwa hayupo kwa Ragna. Ndipo shangazi alipoelewa kwamba hawa wanamalizia zamu zao zilizokatwa na homa, na kila anayekwisha kukaribisha wenzake anakwenda kupumzika, kiti chake hakiwekwi tena. Akaendelea kwenda kila Oktoba. Orlin alijua ni pati ya wazee wa kilimani, jambo ambalo si uongo. Kamisheni ya nyumba zile hakuila tena, alitoa petroli, iliyobaki akanyooshea mawe ya makaburi yaliyolala, na mliokuwa mkijiuliza ni nani anayewalipa mafundi wale, ni wenyewe wanaolala pale. Lakini viti vilikuwa vinapungua, naye alilala macho wazi akihofia mwaka ambao atauliza na hakutakuwa na mkono wa kuinuka.

Kuanzia mwaka 1990 macho yake yalififia, nikawa mimi dereva wake. Alinikataza kushuka garini. Nilichokiona mimi ni shangazi yangu akitembea kwenye nyasi ndefu na mkoba wa sampuli, akipangusa viatu mahali pasipo na mlango, akipotea nyuma ya ukuta uliobomoka, na baada ya saa moja akirudi na sahani ya mkate mwembamba wa viazi, ambao hakuuonja wala hakuniruhusu niuonje. Nilidhani uzeeni anakwenda kuomba. Sikuuliza, na nilikuwa naogopa, niseme ukweli.

Tarehe 28 Oktoba 1993 ilikuwa zamu ya Borghild, naye alikuwa peke yake sebuleni. Marehemu alinisimulia mazungumzo yao mwezi Agosti mwaka huu, kitandani, nami nayaleta kama nilivyoyapokea. Alipouliza nani anaweka tarehe, Borghild alitazama dirishani.

"Mimi ndiye wa mwisho, na bila tarehe siwezi kuinuka hapa, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Yule binti garini anayenyonyesha, anaitwa nani?"

"Yule ni dereva."

"Dereva naye ana jina, mwanangu. Litaje tu, mimi nitamkaribisha vizuri. Na mimi niliacha wa kunyonya, najua kubembeleza."

"Sitaji."

"Basi tutakaa hapa wote wawili mpaka giza, na yeye atachoka, atashuka mwenyewe kukutafuta."

Kweli nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari. Nakumbuka baridi ilivyoingia miguuni, na mwanangu Tilda, wakati ule ana miezi mitatu, akaacha ziwa ghafla akawa anatazama ile nyumba. Na ndani kule shangazi akasema, "Kaa chini, Borghild, kanuni nazijua kukuzidi. Tarehe naiweka mimi. Na muuzaji akijiandalia pati mwenyewe hapati zawadi, hadai tarehe kwa mtu, na baada yake hakuna mwingine. Pati ya muuzaji haizai." Borghild akafikiri, akasema, "Hiyo si haki kwako," naye akajibu, "Ni gharama ya kazi," akachukua mkoba wake akatoka, akanikuta mguu mmoja umekanyaga nyasi, akanisukuma garini kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo.

Aprili mwaka huu wa 1994 alianza kuishiwa nguvu, hospitali ya wilaya ikagundua saratani ya damu, na madaktari wakatuambia hatavuka Agosti. Yeye aliwaambia kwamba Agosti hana nafasi. Alimaliza hesabu zake zote, akaniachia kundi lake, na mauzo yote ya kubuni akanikanya niyaache, akinishika mkono mpaka ukauma. Alhamisi tarehe 27 Oktoba, nyumbani kwake, aliomba kitambaa chake kizuri cha kichwa, akamtuma Janelle aweke kahawa, akauliza kama viti vinatosha, na saa nane mchana akamtazama mtu mlangoni ambaye sisi hatukumwona, akasema kwa sauti yake ya kazini, "Karibuni, leo hakuna anayeagiza," akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliomkamulia Orlin ng'ombe wake miezi yote hii, wanawake wa kundi mliogawana tarehe zake pasi na kudai kamisheni, na Mchungaji, ambaye naona amekaa kimya na ninamshukuru kwa hilo.

Shangazi, ningelipenda nikushukuru ukiwa unasikia. Uliulizwa jina langu mara mbili na hukulitaja, na mimi nilikuwa pale nje nikinung'unika moyoni kwamba unachelewa. Tilda ameanza kutembea wiki hii. Pumzika kwa amani, hakuna mwenyeji anayekusubiri popote.