Orval Thygesen Anaondoka, Ekseli Zinabaki

Miaka thelathini na tatu. Hiyo ndiyo Orval Thygesen aliyokaa gereji yetu hapa Moab, na Ijumaa hii, tarehe 4 Aprili, anastaafu. Safari hii ni kweli! Mnaocheka nawaelewa. Tumeshamuaga mara mbili, na mara zote mbili Jumatatu yake tulimkuta chini ya gari kama kawaida.

Verl, bosi wetu, kanipa mimi niandike kwa sababu nafanya kazi karibu naye kuliko wote. Mimi naosha vyuma, yeye anavifunga. Kuandika sijui sana. Nasema nilivyoona.

Orval alikuja kutoka Sanpete, kwao wanafuga bata mzinga. Alianza kwenye tairi. Fundi wa ekseli wa wakati ule akavunjika mguu, Orval akaambiwa ashike wiki mbili. Hizo wiki mbili ndiyo zinaisha Ijumaa.

Nieleze kazi yenyewe kidogo, maana kwenye sherehe watakuja wake na waume zenu ambao hawaijui. Jeep ikitoka kiwandani, meno ya difu, lile boksi la chuma katikati ya ekseli, yamepangwa kwa tairi ya kiwandani. Mtu anaweka tairi kubwa apande mawe. Gari linapendeza, lakini injini inahema. Kilima kidogo tu inalia. Dawa yake ni kubadilisha meno ndani ya ekseli, krauni na pinioni, ili injini ipate nguvu ya kuzungusha lile tairi. Inabidi upime kwa unene wa karatasi. Unapaka meno rangi ya njano, unazungusha, unaangalia yamegusana wapi. Si penyewe? Unafungua, unabadilisha washa nyembamba, kile kipete cha bati, unafunga tena. Na tena. Siku mbili mgongo umepinda. Na ekseli ni mbili, mbele na nyuma.

Hapo ndipo wateja wanapopiga kelele. Dola elfu mbili na mia nane! Mtu kanunua bampa, winchi, taa nane juu ya paa, hajasema kitu. Ukimwambia bei ya meno anashika kifua.

"Kitu chenyewe hata hakionekani!" jamaa mmoja wa Denver alimwambia.

"Na ini lako halionekani," Orval akamjibu. "Liuze basi."

Jamaa akaenda kwingine, akabadilisha ya nyuma tu ili bei ipungue. Ya mbele akaiacha na meno ya zamani. Akapanda mawe, akaingiza nguvu magurudumu yote manne, mbele na nyuma zikavutana mpaka meno yakavunjika. Alirudi kwetu juu ya gari la kukokota. Orval akazunguka ile Jeep, mikono mfukoni.

"Nikuulize, bwana. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanaenda mji mwingine?"

Gereji nzima tulikaa chini kwa kucheka. Jamaa mwenyewe alicheka. Alilipa zote mbili, na hadi leo kila Pasaka anamletea Orval sanduku la pichi za kopo.

Halafu kuna pai. Meno mapya hayatakiwi kukimbizwa. Unayaendesha polepole, unayaacha yapoe, unarudi. Mafundi wengine wanampa mteja karatasi ya maelekezo, mteja anaitupa. Orval alikuwa anapanda naye garini. Wanaenda taratibu mpaka mgahawa wa Nadine, njia panda ya La Sal. Wakifika, Orval analala chini pale pale kwenye maegesho, anaweka kiganja kwenye difu. Kiganja kikivumilia, kazi ni nzuri. Kikiruka, kazi irudi mezani. Halafu wanaingia kula pai ya cheri mpaka chuma kipoe. Leola, mke wake, anasema suruali zake zote zimepanuliwa kwa ajili ya meno ya watu.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja na maneno mengi. Orval alikuja na shoka. Akapasua kuni za msimu mzima, akaondoka. Basi.

Sasa niseme kwa nini zile sherehe mbili ziliharibika. Verl alikuwa amesema wazi: Orval akitoka, gereji haifanyi tena meno. Tutabaki na tairi na kuinua magari yakae juu zaidi. Alikuwa na haki yake. Ekseli iliyofungwa vibaya ikipiga kelele, gereji ndiyo inalipa. Orval akikumbuka hilo anashindwa kuondoka. Leola alikuwa ameshafungasha nyumba mara mbili waende Idaho kwa binti yao, na mara mbili amefungua masanduku. Mara ya pili alikuja hapa mwenyewe.

"Orval, mimi nimeolewa na wewe au na difu?"

"Nipe mtu wa kumwachia, mama watoto. Nipe mmoja."

Mmoja alikuwepo. Tawnya, yule wa tairi. Miaka kumi na moja anabeba tairi, kila akipata nafasi anachungulia meza ya Orval. Vuli iliyopita Orval akamwita. Akamfundisha kwa matusi matamu tu.

"Unapima au unapapasa paka?"

"Napima, mzee. Wewe ndiye huoni."

Verl akatoa masharti. Tawnya afunge gari moja peke yake, mbele na nyuma, Orval asiguse. Ikiwa sawa, meno yanabaki gereji na Orval anaenda zake. Ikiwa si sawa, yanafutwa kwenye ubao wetu wa kazi. Jeep yenyewe ilikuwa ya Garn Holyoak, wa kikosi cha uokoaji. Gari linalofuata watu waliovunjika miguu huko mawe mekundu. Hilo si la kuchezea.

Orval alivuta kiti, akakaa, akatia mikono mfukoni. Sijawahi kuona mtu anateseka vile! Tawnya akipaka rangi, Orval anainama. Tawnya akizungusha, Orval anafumba macho. Ekseli ya mbele aliifungua mara nne. Ya nne rangi ikakaa penyewe. Orval akaanza kuimba nyimbo za kanisani, vibaya.

Ya nyuma ndiyo ilituua. Ndani kuna bushi fupi la chuma laini. Ukikaza nati ya pinioni, lile bushi linajikunja kidogo, ndiyo linashika kila kitu. Likijikunja sana halirudi. Ukilegeza nati inaonekana sawa, inapima sawa, lakini haijashika. Miezi michache beringi zinakufa. Tawnya alikaza. Ikafika kipimo. Akaongeza kidogo tu, kidogo sana, na pinioni ikawa nzito kuzunguka. Bushi limejikunja kupita kiasi.

Akasimama. Sisi wote tuliona uso wake.

Verl alikuwa mlangoni. Nje Garn anasubiri gari, simu yake ya kikosi inaita kila saa. Jumamosi wageni wa Pasaka wanaanza kuingia mjini.

"Rudisha nati nyuma robo," Verl akasema. "Itapima sawa."

"Haitashika, Verl."

"Tawnya, mwenye gari yuko pale nje."

"Basi nenda ukapige naye stori. Mwambie kesho."

Verl akamwangalia Orval. Orval akaangalia dari. Nilikuwa nimeshika brashi nimesahau kuitumia. Orval alikuwa anajua jibu. Angeweza kusema neno moja akamwokoa. Akabaki kwenye kiti, mikono mfukoni.

Tawnya akafungua nati yote. Akatoa pinioni, akatoa sili, akatoa lile bushi, akalitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kishindo chake kikajaa gereji nzima! Akachukua jipya, akaanza upya kutoka mwanzo, analia kwa hasira na mikono inafanya kazi.

Orval akainuka kwenye kiti. Gari bado liko juu ya jeki. Meno hayajagusana hata mara moja. Akaenda ofisini, akanyanyua simu, tukamsikia wote.

"Leola, fungasha. Ndiyo. Hapana, bado haijaisha. Nimeshaona ninachotaka. Fungasha na sahani."

Kesho yake, gari limeisha, Tawnya na Garn walienda kwa Nadine. Orval kiti cha nyuma, mikono mfukoni. Mimi nilifuata na Verl kwenye gari lake, Verl anauma kucha njia nzima. Kilima cha kwenda La Sal ile Jeep ilikipanda kama hakipo! Pale maegesho Tawnya akalala chini, akaweka kiganja. Tukangoja. Akakiacha pale pale, akaanza kucheka akiwa chini ya gari. Garn akalala naye akaweka chake. Verl na suti yake ya kanisani akalala. Mimi na magoti yangu nikalala. Nadine akatoka na sahani mkononi kuuliza nani kafa.

Verl alirudi akaandika ubaoni kwa rangi mpya: MENO, MUULIZE TAWNYA.

Basi, Orval. Kwa gereji nzima nasema asante. Asante kwa kila ekseli iliyorudisha mtu nyumbani kutoka mawe yale. Asante kwa matusi. Asante kwa kukaa kwenye kile kiti mikono mfukoni, maana najua ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizofanya hapa.

Sherehe ni saa kumi na moja jioni, hapa hapa gerejini. Nyama ipo, viazi vya kuoka na jibini vipo, kila mtu aje na kiti chake.

Leola, tumekurudishia mumeo. Kachakaa kidogo lakini anafanya kazi. Uishi naye kwa raha na afya, wajukuu wawachoshe, usingizi uwe mtamu. Na wewe mzee, wiki ya Pasaka Tawnya ameshaandikiwa ekseli sita. Usipige simu kuuliza zinaendaje. Zinaenda.

Ardith Pehrson, kwa niaba ya wafanyakazi