Koki Mbili Benchini

Benchi la mlango wa pili wa jumba la ghorofa lina mbao tatu, na ile ya katikati ilishavunjika siku nyingi, kwa hiyo ukikaa unakaa kwa adabu. Kila mtu anashuka na glasi yake ya kahawa: unga chini, maji ya moto juu, subiri utuame, kisha kunywa polepole usije ukatafuna. Ilikuwa katikati ya Oktoba, mjini Kaunas, siku ya pili ya baridi ya kweli. Ikitimia ya tatu mfululizo, mji hufungulia maji ya moto ya kupasha nyumba joto na jumba zima huanza kunguruma kama tumbo la mzee. Kazys alikuwa amekaa pembeni kabisa, mfuko wa dukani mapajani, amechoka tangu alipoamka. Ndani ya mfuko mlikuwa na koki mbili za rejeta ya ukutani, kile chuma kinachopitisha maji hayo na kupasha chumba joto. Moja ya shaba, ya kuzungusha kwa mkono, unafungua au unafunga, basi. Nyingine ina kichwa cheupe chenye namba, na hujibana yenyewe chumba kikipata joto. Bomba la jumba lilikuwa limetolewa maji kwa siku hiyo moja tu, fundi alikuwa anakuja saa nane, na moja ya hizo koki ilikuwa lazima irudi dukani.

Wala hakuwa na shida na koki. Shida yake ilikuwa Aldona. Baridi iliyopita mkewe alilala na koti, akikohoa, mkono kwenye rejeta ambayo ilikuwa baridi kama sahani ya jana. Mwezi wa pili akafunga mkoba, akaenda kwa dada yake, mji wa Alytus. Alisema, "Chumba kikipata joto nitarudi. Kisipopata, bora nizoee hukohuko." Alikuwa aje Jumamosi kuangalia. Leo ni Alhamisi, na Kazys alikuwa anaogopa, asikudanganye mtu.

— Chukua ya namba, — alisema Profesa. Jina lake ni Zenonas, na uprofesa wenyewe ni wa kuosha vichupa katika maabara ya shule. — Unaiweka kwenye tatu, unaisahau.

— Tatu ya nini? — alidakia Chuma, ambaye ni Bronius, mchomeleaji mstaafu mwenye shingo kama gogo. — Joto unalisikia mgongoni, hulisomi kwenye namba. Shaba, Kazys! Mimi nina shaba mwaka wa kumi huu, sijamwita fundi hata mara moja.

— Wewe una rejeta ya vipande kumi na vinne. Hata ukiweka kizibo cha chupa utapata joto.

— Nimeviongeza kwa jasho langu. Nani alikukataza wewe?

— Jamani, mwacheni mtoto wa watu apumue, — alisema Redio. Huyo ni Danutė wa ghorofa ya juu kabisa, mwenye habari za jumba zima kabla hazijatokea. — Koki haina kosa lolote. Kosa ni maji. Mwaka jana mliyaona yana rangi ya kijani? Wameyatia dawa. Rangi ile inakula joto.

— Inakulaje joto?

— Nitajuaje? Wewe si ndiye Profesa?

Profesa akakohoa kidogo, kama anayetaka kuandika ubaoni.

— Sikilizeni. Jumba hili limeinama. Tangu walipochimba ghala la lile duka kubwa, limelalia upande ule. Maji ya moto yanakimbilia huko, huku kwa Kazys yanabaki mabaki. Niliweka yai mezani likaviringika lenyewe.

— Meza yako ina mguu mfupi, — alisema Chuma. — Nimeitengeneza mara mbili.

— Basi tuambie wewe.

— Chuma kina kumbukumbu. — Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu wa kanisani. — Kabla ya Kazys, nyumba ile alikaa marehemu mzee Feliksas. Bahili yule! Alifunga rejeta miaka ishirini, analala na mbwa apate joto. Sasa bomba lilishazoea ubaridi. Hulibembelezi kwa siku moja.

— Feliksas mwenyewe bado yumo humo, — alisema Redio, akajifunika vizuri mtandio. — Mimi nasikia mtu anagonga bomba. Tatu, kisha mbili.

— Unajisikia mwenyewe ukigonga majivu ya sigara, — alisema Profesa.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kazys hakucheka. Alizitoa koki, akazipima viganjani, moja huku, nyingine kule. Miaka thelathini na minne aliendesha basi la mjini, na hakuna siku aliyochagua njia. Njia ilipangwa ofisini. Sasa aliulizwa achague, na hakuwa na nguvu.

— Tatizo la Kazys ni moja, — aliendelea Chuma. — Alinikatalia nisimkatie kile kibomba cha pembeni. Kile kinachopita kando ya rejeta, kazi yake kupitisha maji bure tu. Nilikata kwangu, nikakata kwa Profesa, na kiangazi cha mwaka jana nikakata kwako Redio. Sasa maji yote yanaingia ndani ya rejeta, kila mtu anapata haki yake.

— Na ukuta ukabaki msafi, — alisema Redio. — Nikaweka vigae. Utadhani hoteli.

— Aldona ndiye aliyekataa, — alisema Kazys. — Alisema hataki vumbi.

— Si unaona? Sasa anakaa Alytus.

Kazys alikuwa ameisikia habari ya kibomba mara ishirini. Ilimpita masikioni kama jina la kituo ambacho hakuna anayeshuka.

— Mimi hata joto linanizidi, — aliendelea Redio. — Maua yananyauka! Nafunga koki, nabakiza tone tu, na bado nafungua dirisha.

— Kwangu linatosha, — alisema Profesa. — Si jingi. Linatosha.

— Karibu shemeji! — Chuma akasema ghafla, akasogea. — Sisi tulijua Jumamosi!

Aldona alikuwa amesimama kwenye njia na koti lake la kahawia na mkoba mdogo. Kazys aliinuka upesi kama kijana, koki bado mikononi.

— Umekuja leo.

— Jumamosi ungekuwa umeshapanga maneno.

— Kaa basi, shemeji, nikuletee kahawa.

— Sikai, Bronius. — Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile tangu wahamie. Akazitazama koki mikononi mwa mumewe. — Ndizo hizo?

— Ndizo. Chagua wewe.

Hakuzigusa.

— Maji ya moto yanaanzia wapi? Juu au chini?

— Juu, — alisema Profesa, amefurahi kuulizwa kitu anachokijua. — Yanapanda hadi darini, kisha yanashuka. Kwa Danutė, kwangu, kwa Bronius, kwako.

— Bomba ni hilohilo moja?

— Hilohilo.

— Na Danutė akisikia joto, anafunga.

— Nabakiza tone, — alisema Redio.

— Sasa Danutė ukishafunga, na kibomba cha pembeni Bronius ameshakikata, maji ya kunifikia mimi yanapita wapi?

 Profesa akahesabu ghorofa kwa macho, kutoka juu hadi chini. Chuma akatazama ndani ya glasi. Redio akaanza kujifunga mtandio uliokuwa umeshafungwa.

— Basi la kurudi lipo saa kumi, — alisema Aldona, bila ukali. — Naingia kuchukua viatu vyangu vya baridi.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Kazys alibaki amesimama. Hasira ilimjia, lakini ilikuja imechoka, ikakaa tu kifuani.

— Danutė, maji yameshamwagwa. Fundi anakuja saa nane. Aanzie kwako, arudishe kibomba.

— Kazys, kuna vigae pale.

— Najua. Nilivibeba mimi mpaka ghorofa ya tatu.

— Havipatikani tena vile! Ngoja mwezi wa tano, nikipaka rangi.

— Hili ni jambo la mkutano wa jumba zima, — alisema Profesa. — Tuandike barua kwanza.

— Bronius?

Chuma alizungusha glasi mpaka unga ukapanda.

— Kuunga ni kazi ya saa moja, — alisema. — Lakini mwenye ukuta lazima akubali.

— Na ukuta wako je?

Chuma akafuta unga uliomwagikia kidole. Kazys alimngoja kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumngoja abiria yeyote. Miaka mingapi amekaa na watu hawa kila asubuhi, akicheka hata pasipochekesha! Aliwapenda, na hilo ndilo lililomuuma.

Aldona akatoka, viatu vya baridi vimefungwa kwa kamba begani. Kazys akaziweka koki zote mbili juu ya ubao uliovunjika, katikati yao.

— Chagueni nyinyi, — alisema. — Mna muda.

— Kazys, usikasirike bwana!

 Alimgeukia mkewe.

— Basi la saa kumi lina nafasi?

Aldona alimtazama kama anayesoma kibao kilicho mbali.

— Lina, — alisema.

— Nisubiri nichukue koti.

Akaingia ndani. Glasi yake ilibaki benchini na nusu ya kahawa, na hakuna aliyeigusa.