Siku Moja Zaidi ya Nereida

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii nakaa kwenye kipaza sauti nikiwa na moyo mzito. Eufrosina Cantú hatunaye. Amefariki Jumanne, hapa mjini Weslaco, akiwa na miaka sitini na mmoja. Amemwacha binti yake Nereida, mwenye miaka thelathini na miwili. Nereida hatembei, hasemi, hulishwa kwa kijiko.

Wengi tulimjua Eufrosina kwa sala moja. Kila Jumapili alisukuma kiti cha magurudumu hadi mbele ya sanamu ya Bikira kanisani, akasema bila haya: "Mama, nipe siku moja tu zaidi ya mwanangu. Nimzike, kisha unichukue."

Siku moja tu. Wageni walishtuka. Sisi wenye watoto kama Nereida tuliitikia amina. Padri alipomwomba apunguze sauti, alimjibu kwamba Bikira ni mama, kelele za nyumbani amezizoea.

Rafiki yake Rosenda ndiye aliyembeba Nereida kwenye ubatizo. Kwa hiyo yeye na Eufrosina wakawa makomadre, mama mzazi na mama wa ubatizo, zaidi ya dada. Kisha Rosenda akahamia kwa walokole. Akamwambia mwenzake atupe sanamu zake. Akasema imani ya Eufrosina ni ndogo, ndiyo maana mtoto hatembei. Eufrosina akamfungia mlango. Miaka tisa hawakusalimiana.

Saratani ilikuja haraka. Mumewe, Don Hilario, anasema mkewe hakulilia maumivu. Alilia kwa sababu ile siku moja hataipata. Akamtuma mumewe amwite Rosenda.

"Komadre, bado imani yangu ni ndogo?"

"Nilisema upumbavu, komadre. Nisamehe."

"Acha kulia, shika kijiko. Mlishe upande wa kushoto. Ukimharakisha anapaliwa."

Walifanya hivyo siku nne. Ya tano Eufrosina hakuamka.

Jana Nereida alikaza meno, macho mlangoni, hadi uji ukapoa. Rosenda akaupasha. Ukapoa tena.

Pole, Don Hilario. Pole, Rosenda. Pole, Nereida, ambaye hatujui namna ya kukueleza.

Kwa nini Mungu alimnyima siku moja? Nimeomba, sijapata jibu, na bado naomba. Lakini wewe uliyewahi kumwambia mzazi kwamba imani yake ni ndogo, nenda kwake leo. Usibebe maneno. Nawa mikono, umwombe akuonyeshe mwanawe hulishwa vipi, angali yupo wa kukuonyesha.